Trei ya Mayai na Neno "Tutazingatia"

Nimeambiwa nizungumze mpaka soda ziishe. Haya, kunyweni polepole.

Ninyi ndio mmechaguliwa kukaa katika baraza la ushauri kuhusu masuala ya ulemavu, na mimi ndiye ninayetoka, kwa hiyo mmeniita niwape mawaidha. Mawaidha sina. Nina visa, na nina mdomo, na wote walioketi nami kwenye baraza hilo watawaambia kwamba mdomo ndio mkubwa zaidi. Jina langu ni Rozibela, ila wote huniita Mama Rozi. Sauti hii mnayoisikia ndiyo ile ile iliyokuwa ikiwaambia watu, "Voi hapa, tafadhali ngoja kwenye laini," maana nilikuwa opereta wa simu katika ofisi za serikali hapa mjini hadi nilipostaafu. Surua ilinichukulia macho nikiwa mdogo, tukiishi kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa Mjaluo aliyeletwa huku na kazi ya reli, akapapenda, akakataa kurudi. Mimi nikaolewa na Mtaita nikamaliza maneno.

Sasa, kabla hamjafungua sheria wala katiba, jifunzeni neno "tutazingatia". Mtalisikia mpaka mchoke. Mtaenda kwa mkubwa fulani, mtaeleza shida yenu vizuri, mtapewa chai, na mkimaliza atasema, "Asanteni sana, maoni yenu tumeyapokea, tutazingatia." Mtatoka mkicheka, mkipongezana njiani. Wanangu, mmekataliwa! Tutazingatia maana yake ni hapana iliyopakwa siagi. Mimi nilisikiliza wakubwa kwenye simu maisha yangu yote ya kazi, na nawaambia, mtu anayekusudia kufanya kitu haongei hivyo. Anayekusudia hutaja nani atafanya na lini. Basi dawa ni hiyo. Akisema tutazingatia, usiinuke. Muulize, "Nani, na lini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, hasa kwa mtu kama mimi, lakini ukinyamaza sawasawa, mkubwa atajaza mwenyewe lile shimo.

Mnacheka. Mtakuja kuniambia.

Kazi yenyewe ni ya kujitolea, mnajua. Majirani waliniuliza, "Mama Rozi, huko barazani wanawapa nini?" Nikawajibu, "Soda." Wakafikiri naficha. Yawa! Ni soda kweli, na siku wakiwa na furaha, mandazi. Sisi tulikuwa washauri, na mtu mmoja ambaye nitamfikia baadaye alipenda sana kutukumbusha: "Ninyi ni washauri, si waamuzi." Sawa. Lakini mshauri anayejua kazi yake anaweza kumfanya mwamuzi aamue mbele ya watu.

Mkutano wetu wa kwanza kabisa uliitishwa juu, ghorofa ya mwisho, katika jengo moja ambalo silitaji kwa sababu bado lipo. Lifti hamna. Baraza la masuala ya ulemavu, jamani! Mimi nilipanda, miguu ninayo. Kilonzo alipanda. Mghoi akabaki chini kwenye kiti chake cha magurudumu, juani, na ajenda mapajani.

Hawa wawili lazima niwatambulishe, maana bila wao sina la kusimulia. Mghoi ni mwanamke wa Bura, muuza mboga. Miguu yake haikuwahi kutembea, lakini mikono yake, ukimpa salamu, utafikiri umekamata kamba ya kuvutia ng'ombe. Kilonzo ni fundi wa viatu, Mkamba, kiziwi tangu kuzaliwa. Sasa fikirieni. Mimi simwoni Kilonzo, Kilonzo hanisikii mimi, na ni rafiki yangu. Watu walikuwa wakituuliza tunaongeaje. Mghoi alijifunza ishara zake, mkalimani alikuwepo siku za mkutano, na siku nyingine zote tulikuwa na mkono. Nitawaeleza.

Basi siku ile mwenyekiti akasema, "Tuanze tu, huyo aliye chini tutamwarifu baadaye." Nikasema, "Aka! Fungua dirisha." Nikasimama dirishani, nikafanya kazi niliyoisomea. Likisemwa neno ndani, nalitupa chini kwa sauti. Mghoi akijibu kutoka chini, narudisha ndani: "Mghoi kutoka ardhini anapinga hoja." "Mghoi kutoka ardhini anauliza kama hapo juu kuna chai." Watu wa barabarani wakaanza kusimama kusikiliza. Boda boda wakazima injini. Hoja ya pili Mghoi alipoipinga, mji mzima ulimpigia makofi. Mwenyekiti alivumilia, akavumilia, mwishowe akasema tushuke. Tukafanyia mkutano kwenye pakingi ya wakubwa, upande wa sokoni, kivulini, na kuanzia hapo hatukurudi juu tena. Kumbukeni hiyo pakingi, itarudi.

Jambo jingine mtakalokutana nalo ni watu kutowasemesha. Tulienda Njukini siku moja kuzungumza na wazazi, tukaingia hotelini kula. Mhudumu akasimama, akamuuliza Mghoi kuhusu mimi, "Huyu mama anatumia sukari?" Mghoi, bila hata kupepesa, akasema, "Muulize mwenyewe, ila zungumza taratibu, ni mtu wa hasira." Yule binti akaniuliza kwa woga kama anaongea na chui. Nikamwambia, "Mwambie jirani yangu kwamba natumia sukari nyingi." Tulicheka sisi, akacheka na yeye, na mwisho wa kula alikuwa ameketi nasi akitueleza habari za mdogo wake ambaye haongei. Huwezi kumgombeza kila mtu. Wengine wacheke kwanza, halafu watajifunza.

Sasa mkono. Mimi nina sikio la opereta. Sauti ya mtu anayedanganya huwa inakuja na hewa kidogo mbele, kama mtu aliyebeba mzigo anayejifanya haumlemei. Kilonzo ana jicho. Yeye huona midomo, mabega, vidole, vitu ambavyo ninyi mnaoona hamvitazami. Basi tukawa tunaketi pamoja, kiganja changu mkononi mwake. Mkubwa akisema jambo, Kilonzo akinibonyeza katikati ya kiganja, mtu anamaanisha. Akinifinya kwa pembeni, mtu anatuzungusha. Mimi nachanganya finyo lake na sikio langu. Nawaapia, kati yetu hapakuwa na mkubwa aliyepita na uongo. Watu walifikiri fundi ananishika mkono kwa sababu mimi ni kipofu na ananionea huruma. Waacheni wafikiri. Huruma ya watu ni pazia zuri la kufanyia kazi nyuma yake.

Haya, sasa soko.

Soko la zamani la mboga, lile la vibanda, lilikuwa chini, tambarare, vumbi tupu. Mghoi alikuwa na meza yake pale tangu ujana. Mboga zinashuka alfajiri kutoka Bura na Wusi, yeye anazipanga, na kufikia saa ya chai sauti yake iko kila mahali. Ile meza, vijana, haikuwa meza tu. Kabla hajaipata aliishi kwa kaka yake akilishwa, na kaka hakuwa mtu mbaya, lakini kila sahani ilikuja na maneno. Mghoi aliapa kwamba harudi kwenye sahani ile. Watoto wake wawili wamesomea kwenye mchicha na nyanya za meza ile.

Kuna watu walikuwa wakipita, wakaona kiti cha magurudumu, wakadondosha sarafu ndani ya beseni lake la nyanya. Unajua alifanyaje? Alikuwa akiwaita. "Wewe! Rudi!" Anawahesabia nyanya za thamani ile ile, anafunga, anawapa. "Umenunua, beba." Mwanaume mmoja wa suti alikataa, akasema ni msaada tu. Mghoi akamwambia, "Na mimi nakusaidia. Nenda kapikiwe." Akabeba nyanya zake kwenye suti.

Ndipo likajengwa jengo jipya la wauza mboga. Zuri, waliniambia, la paa refu na meza za vigae. Sakafu yake imeinuliwa kwa sababu ya mafuriko, na hilo ni jambo la busara, mvua za huku tunazijua. Mbele wakaweka ngazi pana. Kwa upande wakaweka rampu, ile njia ya mteremko ya kupandishia kiti. Na tangazo likatolewa: vibanda vya zamani vinabomolewa, na ambaye hatakuwa kwenye meza yake mpya siku ya kufunguliwa, meza itapewa mwingine. Waliokuwa wakingojea meza walikuwa wengi kama siafu.

Mghoi akanijia nyumbani. Nilisikia magurudumu kabla hajabisha, na yalikuja polepole, si kawaida yake. Akaniambia, "Mama Rozi, rampu ipo. Ila ni ya mbuzi."

Nikasema, "Twende."

Sasa mjue jinsi mimi naye tunavyotembea. Yeye hukaa, mimi husukuma. Yeye ni macho, mimi ni miguu, na mdomo tunao wote wawili. Nilipoukanyaga ule mteremko nilishtuka. Kisigino kilikuwa chini, vidole vinatazama mbinguni. Nilijaribu kusukuma. Tulifika sehemu, kiti kikaanza kunirudi kifuani, Mghoi akavuta breki. Tukakaa hapo katikati kama picha ukutani mpaka wapita njia wakatuteremsha.

Aliyejenga, nataka mjue, hakuwa mjinga. Injinia alikuwa kijana mpole aliyesoma, na tulipomuuliza, sasa tukiwa na Kilonzo, akavuta pumzi ndefu. "Mama, najua kipimo. Rampu sawa inapanda kidogo na kwenda mbali. Hii ilitakiwa ifike hadi kule. Lakini kule wamesema ni pakingi ya wakubwa, nisiiguse. Nikaambiwa niibane." Kilonzo akanibonyeza kiganja. Injinia alikuwa anasema kweli.

Nikasema, kumbe ni ile pakingi.

Tukaenda kwa Mratibu wa ile kazi. Jina lake naliacha, siku hizi tunasalimiana. Akatukaribisha vizuri, chai, biskuti. Mghoi akaeleza. Akaeleza vizuri mpaka nikajivunia. Mratibu akasema, "Mama, usiwe na wasiwasi, hatukukusahau. Tumekutengea mahali pazuri nje, pale getini. Hutahitaji kupanda popote."

Mghoi akasema taratibu, na mimi najua sauti yake ya taratibu ni ya kuogopwa, "Bwana Mratibu, getini hukaa wanaoomba. Mimi nauza."

"Basi tutampata kijana awe anakusukuma."

"Awe ananisukuma asubuhi, mchana nikienda msalani, na jioni? Na asipokuja?"

"Mama, tumesikia. Maoni yenu yamepokelewa. Tutazingatia."

Finyo alilonifinya Kilonzo, nusura nipige kelele. Nikauliza, "Nani, na lini?" Akajibu kwa ile sauti yake tamu, "Mama Rozi, ninyi ni washauri, si waamuzi." Akasimama. Kiti chake kilikuwa na gurudumu linalolia, nikajua tumefukuzwa.

Kufika kwa fundi Kilonzo, kwenye banda lake la viatu, Mghoi akaanza kulia. Sijawahi kumsikia akilia, kabla wala baadaye. "Nitarudi kwenye sahani ya kaka," alisema. Nami nilikasirika, vijana, hasira ambayo ilinitoa jasho. Nilimwambia, "Hurudi popote. Utaketi kwenye meza ile au mimi siitwi Mama Rozi."

Maneno makubwa, na mpango sikuwa nao.

Mpango ulitoka kwa Mghoi mwenyewe, alipojipangusa. Alikuwa akibeba mayai ya jirani yake wa Bura kuyaleta mjini, trei kwenye mapaja. Alisema barabara nzuri aliijua kwa mayai. Barabara mbaya, hata uende kwa uangalifu gani, lazima yai moja liseme kitu. "Rampu hii," akasema, "tuiulize mayai." Kilonzo alipofafanuliwa kwa ishara akapiga meza kwa furaha mpaka viatu vikaanguka.

Kukawa na siku ya ukaguzi. Wakubwa wanakuja kuliona jengo kabla ya kufunguliwa, hema, viti vya plastiki, maji ya chupa, mchungaji wa kuomba. Wauza mboga wote wamekuja. Baraza letu tukaalikwa, tukapewa viti vya nyuma. Mratibu akasimama kusifia jengo. Alipofika kwenye rampu akasema jengo limewajali hata ndugu zetu walemavu, na kwamba pale patakapohitajika msaada, vijana watasukuma.

Mghoi akainua mkono. "Bwana Mratibu, tafadhali tuonyeshe."

"Nionyeshe nini, mama?"

"Jinsi ya kusukuma. Wewe ni mwanaume mwenye nguvu. Nisukume tu mpaka juu."

Watu wakapiga makofi. Ungefanyaje ungekuwa yeye? Akatoa koti. Nilisikia koti likiwekwa kitini na akicheka kile kicheko cha mtu wa picha. Mghoi akapokea trei ya mayai kutoka kwa mwenzake, akaiweka mapajani. Mratibu akauliza, "Na hayo?"

"Ni bidhaa," akasema Mghoi. "Mfanyabiashara haendi mezani mikono mitupu."

Wakaanza. Mimi nilikuwa chini, mwanzo wa rampu, Kilonzo yuko kwenye kiti chake pembeni yangu. Nilisikia viatu vya Mratibu. Vilikuwa vya ngozi, soli laini, vile vya kutembelea zulia. Tap, tap, kisha srrr. Tap, srrr. Pumzi ikaanza kuwa fupi. Sehemu ile ile tuliyokwama mimi na Mghoi, na yeye akakwama. Kupanda hawezi. Kuachia hawezi, maana kiti kinamrudia na mama yumo ndani na mayai yamo juu yake. Halafu nikasikia ile sauti tamu, safari hii bila sukari: "Jamani! Nisaidieni!"

Mungu anisamehe, wanangu, lakini neno lilikuwa limekaa mdomoni mwangu siku zote hizo likingojea. Nikatumia sauti ya kazi, ile safi ya opereta:

"Bwana Mratibu, ombi lako limepokelewa. Tutazingatia."

Lo! Soko lilivyoangua kicheko! Akina mama walikaa chini. Mchungaji, naambiwa, alifunika uso kwa Biblia. Kicheko chenyewe kilimmaliza Mratibu nguvu, viatu vikateleza, kiti kikaanza kurudi nyuma, na Mghoi akamkemea kwa sauti yake ya sokoni, "Simama! Simama!"

Alimaanisha akaze miguu. Lakini hema zima likainuka. Nilisikia viti vya plastiki, kwaa, kwaa, kwaa, safu baada ya safu, wakubwa wamesimama wima, wengine, naambiwa, wamevua kofia wakidhani wimbo wa taifa unaanza. Kila mwenye masikio alisimama tu pale alipo. Aliyekimbia ni Kilonzo, ambaye hakusikia kitu. Yeye aliona. Alipita mbele yangu kama upepo, akamkamata Mratibu mgongoni kwa mikono yake ya kushonea soli, akamkaza hapo hapo.

Na Mghoi, nataka mjue, alikuwa na mkono kwenye breki tangu mwanzo. Akaivuta, kiti kikatulia tuli. Ila mayai hayana breki. Trei ilimponyoka ikapita juu ya goti, ikashukia viatu vya zulia, pwaa.

Hapo kicheko kilikatika. Watu walianza kuogopa. Mkubwa kupakwa mayai mbele ya wakubwa wenzake, nani ajuaye atafanya nini? Angeweza kukasirika, akatufukuza, na meza ya Mghoi ikaenda kwa mwingine kesho yake. Nikajiambia, Rozibela, mdomo wako sasa umemponza mwenzako.

Mratibu alikuwa akihema. Kisha akasema, na hii sauti sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ilikuwa kavu na ya kawaida, ya mtu tu: "Mama Mghoi, umeumia?"

"Sijaumia. Wewe?"

"Mimi nimeogopa. Nilidhani nitakuua." Akaugonga ule mteremko kwa kiatu. "Kila siku ungepita hapa?"

"Kila siku."

Akaita, "Injinia! Rampu hii ikiwa sawa inafika wapi?"

"Inafika kule, mkubwa. Kwenye pakingi."

Nikaona ni wakati wangu. Nikasema, sasa bila mzaha, "Nani, bwana Mratibu, na lini?"

"Injinia," akasema. "Na ni leo. Bomoeni hii. Magari yatatafuta mahali, yana magurudumu."

Kilonzo alikuwa amerudi, mikono imejaa yai. Akashika kiganja changu, akanibonyeza katikati, kwa nguvu mpaka nikahisi mfupa. Nikainua mkono wetu wote wawili juu, na soko likalipuka. Vigelegele vya akina mama wa Bura nilivisikia, na wa Wusi wakavipokea, na mabanda ya viatu yakajibu kwa kugonga nyundo. Wakubwa bado walikuwa wamesimama, hakuna aliyewaambia wakae. Basi ikawa kama wanatupigia saluti.

Kubomoa kulianza kabla hema halijakunjwa. Siku za kumwaga zege Mghoi alikaa pale pale kama mnyapara. Injinia alimsikiliza kila kitu: vishikio viwe pande zote mbili, chini kwa aliyekaa na juu kwa aliyesimama, zege lisisuguliwe likang'aa, liachwe na mikwaruzo, pawe na mahali tambarare katikati pa kupumzikia. Mimi nikadai mwanzo wake uwe na vigae vyenye vinundu ili fimbo yangu ijue. Ilipokauka, tuliiuliza mayai tena. Nilikisukuma kiti mwenyewe, mwanamke mzee kama mimi, kutoka chini mpaka juu bila kusimama, na juu Mghoi akayatazama moja moja. Hakuna lililosema kitu. Aliyauza yote pale pale, kabla hata hajapanga mchicha.

Tangu hapo baraza letu likaenda na trei ya mayai kila tulipoitwa kukagua rampu, Taveta, Wundanyi, kila mahali. Wajenzi walianza kutuogopa. Ukifika wanauliza, "Mmekuja na mayai?" Nami naacha ukarabati uanze kabla sijajibu.

Lakini ninachotaka mbaki nacho si siku ile ya kelele. Ni asubuhi moja baadaye, ya kawaida kabisa.

Nilikuwa nimeenda kununua kunde. Mghoi alikuwa amechelewa, gari la mboga liliharibikia njiani, na alifika na pakacha mapajani akiwa na haraka. Nikashika kiti kumsukuma. Tukafika kwenye vinundu, fimbo yangu ikaniambia, kisha nikagonga kitu. Mkokoteni. Mbele yake, Mghoi akanihesabia, mkokoteni mwingine. Mbele yake mama na kigari cha mtoto, mzee na magoti yake, wabeba magunia ambao wamegundua kwamba ngazi ni za wapumbavu. Rampu imejaa! Soko zima lilikuwa linapita kwenye rampu yetu, na ngazi pana za mbele zimekaa tupu, zimelaliwa na paka.

Mghoi akapandwa na hasira. "Nipisheni! Nipisheni nipite! Nani alipigania rampu hii?"

Hamali mmoja, mtu mzima mwenye mkokoteni wa kabichi, wala hakugeuka. Akasema, "Mathe, fuata laini kama wengine."

Nikangoja Mghoi alipuke. Maisha yake yote watu walikuwa wamempisha, wamembeba, wamemrushia sarafu, wamemtengea geti. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kumwambia neno lile. Na mimi laini nilizijua, nilizishika siku zangu zote za kazi, lakini hiyo ilikuwa mpya kwangu pia.

Mabega yake yakaanza kutikisika kwenye kiti. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, huku analia.

"Mama Rozi," akasema, "umemsikia? Amesema kama wengine."

"Nimemsikia."

"Basi usisukume. Tungoje."

Tukafuata laini.